Kufundisha Badiliko la Umbo kwa Sponji ya Godoro

Mwalimu mwanafunzi afundishaye Darasa la Sita hapa Mpanda asianze somo la kani kwa kuandika maana yake ubaoni. Na achukue kipande cha sponji ya godoro, vibao viwili na kikombe. Wanafunzi wachore duara ubavuni mwa sponji, kisha waibane kati ya vibao: duara huwa mfano wa yai. Sasa wageuze utaratibu. Waibane kwanza, wachore, ndipo waiachie. Duara limeharibika! Wakiibana tena kwa kiasi kile kile, hurudi.

Ndipo uwaeleze habari za gereji. Silinda iliyokerezwa ikiwa wazi hupindika kidogo bolti za kichwa zikazwapo, labda kwa sehemu chache za mia za milimita. Injini ya kawaida huvumilia. Ile ya mashindano hupoteza nguvu, na ringi zisiposhika vema hula oili. Fundi afanyeje?

Wengi watajibu: afunge kichwa kwanza. Usiwakatishe. Waulize kikerezo kitapita wapi. Atakayesema lifungwe bamba nene lenye tundu badala ya kichwa, bolti zikazwe vivyo hivyo, amevumbua kifaa ambacho mafundi wa injini za mashindano hukitumia.