Kipandikizi cha Sikio Kikigoma, Mzazi Afanye Nini?

Chukua mfano wa mtoto wa Likoni, Kisauni au Changamwe anayesikia kwa kipandikizi cha koklea. Juzi aliitikia alipoitwa kutoka jikoni. Leo haitikii, darasani hamfuati mwalimu, na kifaa anakivua kila mara. Nyumbani anaambiwa ni mkaidi. Huenda si ukaidi. Huenda kifaa kimeharibika.

Kifaa hiki kina sehemu mbili. Ya nje huvaliwa nyuma ya sikio, nayo ina maikrofoni, betri, waya na koili inayonata kichwani kwa sumaku. Ya ndani huwekwa na daktari mpasuaji chini ya ngozi, na elektrodi zake huingia kwenye koklea, sehemu ya sikio la ndani yenye umbo la konokono.

Anza na sehemu ya nje

Unyevu wa Pwani, jasho, mchanga na maji ya chumvi ni adui wa kifaa. Badilisha betri, kagua waya na koili, kisha ukikaushe usiku kwenye kisanduku cha kukaushia. Kikiendelea kugoma, usikifungue. Mpeleke mtoto kwa mtaalamu wa usikivu.

Mtaalamu hufanya nini?

Kwanza hujaribu vipuri vya nje vilivyo vizima. Tatizo likibaki, huunganisha kifaa na kompyuta na kupima kila elektrodi. Kisha humpima mtoto usikivu na kulinganisha na rekodi za awali. Picha ya eksirei huonyesha kama elektrodi zimesogea.

Hitilafu nyingine ni wazi: kifaa kimekufa. Nyingine hujificha. Kompyuta husema kizima, lakini mtoto analalamika milio au maumivu, au maneno anayoyaelewa yanapungua. Hapo maelezo ya mzazi na mwalimu yana uzito mkubwa.

Kubadilisha kifaa

Uamuzi hufanywa na mtaalamu, daktari mpasuaji na familia kwa pamoja. Mara nyingi kifaa cha zamani hutolewa na kipya kuwekwa katika upasuaji mmoja, sikio lile lile. Jeraha likipona, baada ya wiki chache, kifaa huwashwa na kupangwa upya. Wengi hurudia kiwango chao cha awali cha kusikia, ingawa huhitaji muda na mazoezi. Kuchelewa ni hasara, hasa kwa mtoto anayejifunza kuzungumza.

Mambo ya kukumbuka

- Akigongwa kichwani, kifaa kikaguliwe hata kama hakuna jeraha.
- Uvimbe au wekundu juu ya kifaa, au homa pamoja na shingo kukakamaa, ni dharura. Nenda hospitali mara moja.
- Kabla ya kipimo cha MRI, waambie wahudumu kwamba ana kipandikizi, kwa kuwa ndani mna sumaku.
- Hifadhi kadi yenye namba ya kifaa, na uulize dhamana inalipia nini. Dhamana ya kifaa si lazima igharamie upasuaji.
- Wakati wa kusubiri, tumieni lugha ya ishara na maandishi ili mtoto asitengwe.

Mwenye shaka arudi kwenye kliniki iliyomwekea mtoto kifaa, au aanzie kliniki ya masikio, pua na koo katika Hospitali ya Rufaa ya Coast General.