Chunusi Zinapozidi: Dawa Zipi, kwa Muda Gani

Vipele viwili vitatu kwenye paji la uso havihitaji zaidi ya maji, sabuni isiyo kali na muda. Lakini mashavu, kidevu na mgongo vikijaa vipele vinavyouma, vingine vimeiva usaha na vingine vikiacha mabaka meusi, huo ni ugonjwa. Wataalamu huziita chunusi za wastani. Zina dawa, na zilizo nyingi hupatikana duka la dawa au zahanati.

Homoni za balehe huchochea tezi za mafuta. Mafuta yakizidi, nazo seli zilizokufa zikaziba vitundu vya ngozi, bakteria ambao siku zote huishi usoni huzaliana humo na mwili hujibu kwa uvimbe. Tatizo si uchafu. Kusugua uso mara tano kwa siku huongeza tu muwasho. Wala si dalili ya hamu ya ndoa, na wazee wanaowaambia hivyo mabinti huwaumiza bure.

Msingi wa tiba ni dawa mbili za kupaka. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5 huua bakteria, na hupakwa asubuhi. Adapalini ya asilimia 0.1 huzibua vitundu, na hupakwa usiku kwenye ngozi iliyokauka. Kiasi cha punje moja ya mbaazi hutosha uso mzima, maana dawa hii huzuia hata vipele ambavyo havijachomoza. Kuigusisha kwenye kipele kimoja kimoja ni kuipoteza. Anayeanza hupaka usiku mmoja na kuacha mmoja mpaka ngozi izoee. Mjamzito haipaki adapalini. Benzoili peroksaidi nayo hufifisha rangi ya khanga na foronya, basi taulo jeupe lafaa zaidi.

Vipele vikiwa vingi, daktari huongeza vidonge vya doksisaiklini, mara nyingi miligramu 100 kwa siku, kwa takriban miezi mitatu. Havimezwi bila dawa ya kupaka, kwa sababu bakteria huwa sugu. Kidonge humezwa kwa glasi nzima ya maji, na mtu asilale mara moja, kisije kikaunguza koo. Ngozi huungua kwa jua kwa urahisi zaidi. Wajawazito na watoto wa chini ya miaka 8 hawapewi.

Kwa wanawake kuna njia nyingine: vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili hupunguza chunusi, ilhali sindano na vipandikizi huweza kuzizidisha kwa baadhi yao. Mwenye shinikizo la damu, au aliyewahi kuganda damu kwenye mishipa, amweleze mhudumu kabla ya kuanza vidonge hivyo.

Isotretinoini ni ya chunusi kali, au zilizokataa dawa nyingine. Huharibu mimba vibaya, hivyo mwanamke hupimwa ujauzito na kutumia uzazi wa mpango wa uhakika chini ya uangalizi wa mtaalamu. Isinunuliwe mtaani kamwe.

Hatari kubwa zaidi majumbani ni mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu za kujichubua. Krimu zenye betamethasoni au klobetasoli husafisha uso kwa siku chache, kisha chunusi hurudi kwa wingi na ngozi huwa nyembamba. Zebaki iliyomo kwenye baadhi ya krimu za kujichubua hudhuru figo. Aliyezitumia muda mrefu amwone mhudumu wa afya, kwani kuziacha ghafla huweza kuufanya uso uvimbe na kuwaka.

Dawa sahihi huchukua wiki 8 hadi 12 kuonyesha matokeo. Wiki za mwanzo ngozi hukauka, pengine vipele huongezeka, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Mabaka meusi hukaa miezi zaidi. Kofia, kivuli na kutotumbua vipele huyasaidia kufifia.

Yapo mambo yasiyongoja wiki 12: vinundu vikubwa vinavyoacha makovu, binti mwenye hedhi inayorukaruka pamoja na ndevu, au kijana anayejifungia ndani na kukataa shule kwa aibu. Wenye hali hizi wapelekwe kituo cha afya mapema. Kwa Tanzania, rufaa huweza kufika hadi kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha Moshi, katika hospitali ya KCMC, ambacho tangu miaka ya 1990 kimefundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika.