Kitako cha Mfano wa Mlima

Walimu watengenezao mifano ya nchi pamoja na watoto hutia bidii nyingi katika kilele, na kitako hukisahau. Tumeona mfano mmoja uliokuwa kazi ya muhula mzima. Ulipakiwa garini asubuhi, na ulipofika shule ya pili mlima ulikuwa vipande vitatu, na watoto walioujenga wamesimama wakiutazama. Haukupigwa na kitu. Ulijengwa juu ya boksi la karatasi, na boksi lilipindika njiani. Basi twataka kueleza jinsi ya kutengeneza kitako kisichopindika, nasi twatwaa mlima Kilimanjaro kuwa kielelezo.

Kwanza vipimo. Mlima huu una urefu wa kilometa kama 80 toka upande hata upande, na upana wa kama 50. Tukiweka sentimeta 1 kwa kila kilometa, ubao wa sentimeta 90 kwa 60 watosha, tena waacha ukingo wa kushikia. Lakini kilele cha Kibo ni meta 5,895. Ubao ukihesabiwa kuwa meta 1,000, kilele kitainuka sentimeta 4.9 tu, na watoto watakataa kwamba ndio mlima waujuao. Kwa hiyo twakuza kimo mara mbili, kila sentimeta 1 iwe meta 500. Watoto waambiwe wazi kwamba tumekikuza.

Ubao uwe wa plaiwudi, unene milimeta 12. Plaiwudi peke yake haitoshi, maana ikilowa upande mmoja hujikunja kama jani juani, na gundi na plasta zote zina maji. Chini yake zungusheni fito za mbao za sentimeta 5, zimesimama kwa ubavu, na moja ipite katikati. Zishikwe kwa gundi na parafujo, si misumari, kwa kuwa misumari hulegea kwa mtikiso wa njia. Upande wa chini na kingo zipakwe rangi ya mafuta, nayo ikauke kabisa kabla ya kazi nyingine. Upande wa juu upakwe gundi nyeupe ya mbao iliyotiwa maji kidogo, mara mbili. Mfano uchukuliwe kwa kushika fito hizo, wala si kwa kushika mlima.

Mlima wenyewe twaujenga kwa polistirini, lile povu jeupe gumu lijalo ndani ya maboksi ya friji na televisheni. Likateni katika mabamba ya sentimeta 1, kila bamba kwa kufuata mstari wa kimo katika ramani: meta 1,500, kisha 2,000, hata 5,500. Kwenye 4,500 Kibo na Mawenzi huachana, nanyi mtakuwa na vipande viwili. Juu ya bamba la mwisho la Kibo ongezeni milimeta 8. Mawenzi, wenye meta 5,149, waongezewa milimeta 3 tu juu ya bamba la 5,000.

Hapa wengi huharibu kazi. Gundi ya viatu, petroli, na rangi ya kopo la kupuliza huila polistirini hata ikawa shimo. Tumieni gundi nyeupe, matone machache tu, kwa sababu kati ya mabamba mawili hewa haipiti na gundi nyingi hubaki mbichi siku nyingi. Chomekeni vijiti vya mishikaki, wekeni mawe juu, ngojeni siku mbili. Chembe za povu zikusanywe zote, wala zisichomwe moto, moshi wake una madhara.

Kisha bandikeni vipande vya karatasi vilivyolowa gundi, tabaka mbili, na plasta nyembamba juu yake. Plasta nene ni mzigo, na hupasuka. Kilele msikichonge kama mkuki: Kibo ina shimo la upana wa sentimeta 2 na zaidi katika mfano wetu, na ndani yake liko shimo dogo lenye jina la Richard Reusch, mmisionari wa Kilutheri aliyeupanda mara nyingi.

Mwisho ni rangi ya maji. Watoto watataka kuupaka mlima wote wa juu weupe. Mwaka 1912 barafu ilienea kilometa za mraba kama 12. Mwaka 2011 zilibaki pungufu ya 2. Katika mfano huu, eneo hilo ni kama ukucha wa kidole gumba.