Polisi wa mtaani na wakaaji: somo kutoka Rwambuzi



Katika toleo hili tunawashirikisha somo tulilolifanya na vikundi vya wakaaji wa Rwambuzi, mtaa mmoja wa mji wa Bunia, Ituri. Linahusu kituo cha polisi cha mtaani: kazi yake ni ipi, na wakaaji wafanye nini ili kazi hiyo ifanyike. Linafaa kwa kikundi cha watu 15 hadi 25. Hakikisheni wamama, vijana na waliokimbia vita wamo, maana mara nyingi hao ndio hawaitwi.

Tulianza na swali moja: "Mwizi akiingia kwako saa nane za usiku, unamwita nani?"

Tulichora chini, kwenye vumbi, picha za jirani, chefu wa avenyu, mchungaji wa kanisa na polisi. Kila mtu alipewa punje tatu za maharage aziweke anapotaka. Nyingi zilienda kwa jirani na kwa chefu. Kwa polisi zilianguka nne tu. Mama mmoja alieleza sababu: "Ukiita polisi, mwizi atalipa, na wewe uliyeibiwa utalipa. Afadhali nipige sufuria majirani watoke." Watu walicheka, na sisi tukacheka.

Kisha tukauliza: "Na mkishamkamata huyo mwizi?" Hapo hakuna aliyecheka. Baada ya kitambo baba mmoja alisema, kwa sauti ndogo, kwamba mahali alipokaa zamani walimpiga kijana mmoja hadi akafa. Asubuhi waligundua kwamba hakuwa mwizi. Alikuwa amelewa, akakosea nyumba.

Mkifanya somo hili kwenu, msiharakishe hapo. Acheni watu wakae na jambo hilo kabla ya kuendelea.

Uoga huu ulitoka wapi

Wenye umri mkubwa katika kikundi ndio walioeleza. Wakati wa vita vya Ituri, tangu 1999, kila kundi lililoshika mji lilikuwa na watu wake wenye silaha na kasho yake. Mwezi wa 5 mwaka 2003 jeshi la Uganda lilipoondoka Bunia, polisi waliokuwa wametumwa kutoka Kinshasa hawakuweza kuwalinda watu. Maelfu walikimbilia karibu na kambi ya MONUC na kwenye uwanja wa ndege. Mwezi wa 6 kikaja kikosi cha Ulaya kilichoitwa Artemis, na mwezi wa 9 brigedi ya MONUC ikapokea kazi hiyo. Mtoto aliyeona mambo hayo akiwa na miaka kumi ni mzazi leo. Kwake yeye, mtu mwenye kombati na bunduki ni mtu mwenye kombati na bunduki, basi.

Tarehe 6 Mei 2021 utawala wa dharura wa kijeshi ulianza Ituri na Kivu ya Kaskazini. Maofisa wa jeshi na wa polisi walichukua nafasi za viongozi raia, na kesi za jinai zikapelekwa kwenye mahakama za kijeshi. Hatuandiki hapa kama uamuzi huo ulikuwa mzuri au mbaya. Tunachoona ni kwamba kumweleza mkaaji kuwa polisi si jeshi kumekuwa kazi ngumu zaidi.

Lakini sheria inawatofautisha. Sheria ya tarehe 11 Agosti 2011 kuhusu Polisi ya Taifa ya Kongo inasema kwamba polisi ni huduma ya kiraia, ambayo wananchi wanaweza kuifikia na ambayo inapaswa kuwasikiliza. Katiba ya 2006, kifungu cha 18, inasema mtu hawezi kukaa mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48. Muda huo ukiisha, aachiliwe au apelekwe mbele ya wakubwa wa sheria. Tuliongeza mawili ambayo wengi hawakuyajua: kupeleka mashtaka hakulipiwi, na deni si kosa la jinai. Hili la deni lilizua kelele nyingi, kwa sababu wengine waliokuwa wamekaa pale wamewahi kumfungisha mtu kwa deni, na wengine wamefungwa kwa deni.

Kosa letu wenyewe

Kikao cha kwanza na kamanda tulikiharibu sisi. Tulimwekea kiti kikubwa mbele na kitambaa mezani, naye akahutubia kwa saa nzima. Watu walipiga makofi. Kikao cha pili walikuja watu sita.

Tulibadilisha. Viti viliwekwa kwa duara, polisi wakaja bila bunduki, na wamama wakasema kwanza. Tuliweka pia kanuni moja ambayo tunaomba mwishike sana: katika kikao tunataja shida, hatutaji jina la mtu tunayemshuku. Katika mji wetu, jina likitajwa asubuhi, jioni limekwisha kuwa la kabila zima.

Shida zilizotoka hazikuwa kubwa. Njia ya kwenda kuchota maji ilikuwa na majani marefu na giza, wasichana wakavizwa pale. Nganda moja ilipiga muziki hadi alfajiri, na ugomvi ukaanzia hapo. Kamanda naye aliulizwa kwa nini polisi hawapiti usiku. Alijibu kwamba polisi wake ni wachache, hawana pikipiki, mshahara unachelewa, na hata karatasi ya kuandikia mashtaka anainunua mwenyewe. Hatulisemi hilo ili kumtetea anayekula rushwa. Lakini wakaaji walikuwa hawajawahi kulisikia, na walilipokea tofauti na tulivyotazamia: mzee mmoja alisema, "Kumbe na nyinyi mna njaa." Mwisho wa siku vijana walikubali kukata majani, mwenye nganda akakubali saa ya kufunga, na kamanda akaahidi doria ipite njia ya maji kabla ya giza. Kila ahadi iliandikwa katika daftari, pamoja na jina la aliyeahidi.

Saa 48

Jambo hili tunalisimulia kwa sababu linaonyesha faida ya somo na mpaka wake pia. Mama mmoja wa kikundi alikuwa na kijana motari. Alikamatwa kwa sababu ya deni la pikipiki na kuwekwa katika kituo kimoja cha mji, ambacho hatukitaji. Mama aliandika saa ile ile aliyopata habari. Jumamosi alikwenda na chefu wa avenyu, akasema kwa heshima: "Bwana Kamanda, mtoto wangu aliingia hapa Alhamisi saa nne ya asubuhi. Sasa ni saa tano. Naomba nione ameandikwa saa ngapi." Daftari lilifunguliwa. Kijana hakuwa ameandikwa kabisa. Jioni alitoka bila kulipa kitu.

Je, ingekuwa hivyo kwa mama aliyekwenda peke yake? Hatudhani. Ndiyo maana tunawashauri watu waende wawili au watatu, na mmoja wao awe anajulikana mtaani.

Yasiyoamuliwa kwenye kikao

Si kila kitu ni cha kikao. Mtu akibakwa, jambo hilo halimalizwi kwa mbuzi wala kwa mazungumzo ya familia mbili, hata kama wazee wanataka amani. Kwa sheria za tarehe 20 Julai 2006, polisi anayepokea mashtaka hayo anapaswa kuanza uchunguzi mara moja na kumjulisha mwendesha mashtaka ndani ya saa 24. Na kabla ya polisi kuna hospitali: dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72. Tulipofika hapa wazee wawili walituambia tunavunja desturi. Tuliwasikiliza, lakini hatukubadilisha neno.

Kama hatumchagui

Mwenzetu mmoja anayeishi Marekani alipotutembelea aliwaeleza wakaaji kwamba kule, katika wilaya nyingi za mashambani, mkuu wa polisi anaitwa sherifu na huchaguliwa kwa kura, mara nyingi kila miaka minne. Asipofanya kazi, watu wanampigia kura mwingine. Kikundi kilipenda sana habari hiyo. "Na sisi tupewe kura!" Ndipo msichana mmoja akauliza: "Na akichaguliwa na kabila moja dhidi ya lingine?" Mjadala ukaendelea hadi jua likazama, na mpaka leo haujaisha.

Kwetu kamanda anateuliwa kutoka juu na anaweza kuhamishwa siku yoyote. Mkaaji hana kura ya kumwondoa wala ya kumbakiza. Alicho nacho ni lile daftari la ahadi. Kila mwezi, kabla ya neno jipya, linasomwa la mwezi uliopita: nani aliahidi nini, na kimefanyika? Linasomwa kwa polisi na kwa wakaaji vilevile. Mwezi mmoja ni vijana walioona haya, kwa sababu majani yalikuwa yameota tena.

Daftari linakaa kwa mama mmoja wa kikundi, wala si kwetu wala kituoni. Tulilipigania jambo hilo, na tuliona sababu yake kamanda alipohamishwa. Katika kikao chake cha kwanza, kamanda mpya alisomewa ahadi nane alizoziacha mwenzake. Aliomba apewe daftari, akasoma mwenyewe, kimya, watu wakingoja. Alikubali sita. Mbili alisema hataziweza bila pikipiki, na akaomba iandikwe hivyo hivyo.