Dondoo muhimu: Fedha zinapozuiliwa baada ya kununua mtandaoni

Ukiona salio limepungua ilhali muuzaji amekuarifu kwamba agizo lako halikukubaliwa, usikate shauri kuwa umedhulumiwa, kwani aghalabu benki imezitenga fedha hizo kwa idhini ya muda tu, nazo zingali katika hesabu yako. La hatari zaidi ni kubonyeza tena na tena kitufe cha kulipa, maana kila jaribio laweza kuzuia kiasi kile kile upya, hata shati la shilingi 40,000, kwa majaribio matatu, likakufungia shilingi 120,000. Hakiki kwanza anwani uliyoisajili benki, hasa ukinunua Marekani au Uingereza, ambako hitilafu ndogo humfanya muuzaji alikatae agizo baada ya benki kwisha kuliidhinisha. Kisha mtake muuzaji, kwa maandishi, aifute idhini hiyo, na akupe namba ya idhini yenyewe, ambayo ndiyo karani wa benki ataitafuta. Bila hiyo, jibu lake huwa “subiri”. Kwa kawaida zuio huondoka lenyewe baada ya siku chache, ingawa la hoteli pengine hudumu wiki kadhaa. Mwenye kadi ya mkopo ana nafuu: hupungua kikomo cha mkopo wake tu, hayafungwi masurufu ya nyumba.