Mbegu za Asili Dodoma: Namna ya Kuziomba, Kuzitunza na Kuzigawa

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, Iyumbu, Nzuguni, Kisasa na Ihumwa zimejaa nyumba mpya, na nyuma ya nyumba nyingi kuna tuta la mboga. Mwenye tuta katoka Rombo, Rungwe au Muleba, na kaja na mbegu za kwao. Tabu inaanzia hapo. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, na mara nyingi Februari hukatika kabisa kwa wiki mbili hata tatu. Mboga iliyozoea ukungu wa milimani haistahimili hilo. Ng'ambo ya ua, jirani Mgogo ana kunde, maboga, mumunye, njugu mawe na mlenda uliochaguliwa katika ardhi hii hii, vizazi kwa vizazi. Kwangu mimi hiyo ndiyo hazina ya mwenye bustani Dodoma. Dukani huipati. Unaipata kwa kuomba, na kwa kuwa na kitu cha kumpa aliyekupa.

Kuomba kuna adabu yake. Wenye mbegu hizi wengi ni akina mama na bibi, na wanayoyajua hayakai ndani ya bahasha. Ingia na "Mbukwa, bibi," keti, ongea, kisha uliza. Kunde hii ni ya majani au ya punje? Inapandwa mvua ya kwanza au ardhi ikishalowa? Boga hili linakaa ghalani miezi mingapi? Mlenda huu unapikwa mbichi, au unakaushwa na kutwangwa? Andika majibu hapo hapo, maana mbegu isiyo na maelezo, mwaka ukipita, hakuna anayejua ilikuwa nini. Kila bahasha utakayotoa iwe na jina la mbegu kama linavyotamkwa na aliyekupa, kijiji au mtaa ilikotoka, mwaka ilipovunwa, muda wa kukomaa na namna inavyoliwa. Jina la Kigogo liandike kwa Kigogo, usilitafsiri.

Kabla ya kuweka mbegu ya kugawa, jiulize asili yake. Nyanya au tikiti uliyonunua kwenye pakiti yenye alama ya F1 ni chotara. Mbegu zake zitaota, lakini matunda yatatofautiana, na jirani ataona umemdanganya. Chotara kula, usigawe.

Kunde, njugu mawe, maharage na nyanya ni rahisi, kwa sababu maua yake hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa. Chagua mimea iliyokuwa bora shambani, hasa ile iliyobaki na nguvu baada ya ukame wa Februari, uifunge kitambaa ili watoto wasiichume. Usichukue mbegu kwenye mmea wenye majani yaliyojikunja au yenye mabaka ya njano, hata kama umezaa vizuri. Baadhi ya virusi vya kunde husafiri ndani ya mbegu, na utakuwa umemgawia jirani ugonjwa. Mlenda na mchicha hupukutika: kata mashina maganda au masuke yake yakianza tu kukauka, uyatundike vichwa chini juu ya shuka, mbegu zitamwagika zenyewe. Mchicha huchavushwa na upepo, kwa hiyo kusanya kutoka mimea 20 au zaidi, usitegemee mmoja ulionenepa.

Maboga na mumunye yanataka kazi, na hapa nisikilize vizuri. Nyuki hubeba chavua mbali, na maboga ya jirani yataingia kwenye yako bila kubisha hodi. Kwa mumunye kuna hatari zaidi. Mumunye tunayokula na kibuyu kichungu cha kutengenezea vyombo ni mmea wa jamii moja, na Ugogo vyote viwili hulimwa. Vikichanganyika, utamu wa tunda la mwaka huu haukuambii lolote kuhusu mbegu zilizomo ndani yake, kwani uchungu hujitokeza mwaka unaofuata, shambani kwa uliyempa. Uchungu huo ni sumu, na kuchemsha hakuuondoi. Kwa hiyo kila anayepokea mbegu ya mumunye au boga aambiwe: kabla ya kupika tunda la kwanza, kata kipande kidogo kibichi, kiguse kwa ulimi, tema. Likiwa chungu, tupa tunda na mbegu zake zote.

Dawa ni kuchavusha kwa mkono. Jioni, tafuta maua ya boga yatakayofunguka kesho: yameanza kuonyesha rangi ya njano, lakini ncha bado imefumba. Ua jike utalijua kwa kiboga kidogo kilicho nyuma yake. Dume lina kikonyo kitupu. Funga ncha ya jike moja na madume mawili kwa uzi, nyuki asiingie. Kesho yake asubuhi, saa moja hivi, kata madume, yabandue petali, ufungue jike taratibu na kupaka chavua katikati yake. Dume litoke mmea mwingine wa aina ile ile. Lifunge jike tena siku hiyo hiyo, na kwenye kikonyo chake ufunge uzi mwekundu, ili wakati wa kuvuna ulijue boga la mbegu. Mumunye hufungua maua yake meupe jioni, basi funga mchana, chavusha magharibi. Boga la mbegu liache likomae kabisa, kisha likae ndani wiki tatu kabla ya kulipasua. Mbegu huendelea kujaa humo.

Mbegu ya nyanya ina utando unaoizuia kuota. Kamua mbegu na maji yake kwenye kikombe, acha siku mbili au tatu kivulini mpaka povu lijitokeze juu, kisha osha. Zinazozama ndizo nzuri. Zianike juu ya sahani au kitambaa, si karatasi, maana karatasini hung'ang'ania.

Katika kukausha, Dodoma imebarikiwa. Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ni kavu kiasi kwamba kivuli chenye upepo kinatosha. Usianike juu ya bati la moto wala usihifadhi chini yake, joto la paa huua kiini. Mbegu ya boga iliyokauka ukiikunja inavunjika, haipindi. Kunde ukiiuma, jino haliachi alama. Ukitaka uhakika zaidi, changanya mbegu kidogo na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo, tikisa: chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mbegu bado zina maji.

Kunde zilizobunguliwa ni aibu kugawa. Mdudu hutaga tangu maganda yakiwa shambani, na mayai utayaona kama vidoa vyeupe juu ya punje. Chekecha majivu ya jikoni yaliyopoa, changanya kiasi sawa na kunde, jaza chombo, na juu weka tabaka la majivu matupu la vidole viwili. Kibuyu chenye mfuniko, chupa au dumu, vyote vinafaa, mradi hewa isipite. Kisha kabla ya kugawa, jaribu: mbegu 10 kwenye kitambaa chenye unyevu, wiki moja. Zikiota 8, toa. Zikiota 4, mwambie anayepokea apande kwa wingi. Chini ya hapo, zibaki kwako.

Matunda yana mambo yake. Zabibu usipande kwa mbegu. Omba vipande vya matawi wakati wa kupogoa. Kokwa la embe hufa likikauka, lipande siku chache baada ya kula. Papai chukua kwenye tunda refu, si la mviringo, kwani mmea wa tunda refu ukijichavusha hautoi madume.

Kuhusu sheria, kugawiana konzi ya mbegu zako na jirani si sawa na kuuza. Sheria ya Mbegu ya 2003 inataka mbegu za biashara zipitie ukaguzi wa TOSCI, taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu, na mwenye nia ya kuuza amuulize afisa kilimo wa kata kuhusu mbegu za daraja la kuazimiwa ubora (QDS). Aina zinazolindwa kwa sheria ya 2012 ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea zisiingie kwenye ugawaji wenu. Mbegu za kutoka nje ya nchi, hata pakiti ya mfukoni, zinahitaji kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu.

Siku ya kubadilishana haihitaji ukumbi. Kikao cha vikoba, uwanja wa kanisa au msikiti baada ya ibada, au chini ya mwembe wa mtaa kunatosha. Kila mmoja alete aina anazozijua tu. Kunde 50, nyanya 20, boga 8 zinatosha kwa mtu mmoja, na nusu ya akiba ibaki nyumbani daima. Mmoja wenu ashike daftari: nani kapokea nini, kutoka kwa nani. Ahadi iwe kwamba msimu ujao aliyepokea atarudisha mara mbili, kwa aliyempa au kwa mgeni mwingine. Benki za mbegu za Arusha, ile ya taifa na ile ya World Vegetable Center, zinahifadhi mboga zetu nyingi za asili, na hilo ni jambo jema. Ila mbegu iliyo kwenye jokofu Arusha haimsaidii mama wa Mkonze aliyepoteza mumunye yake Februari.

Pangeni siku hiyo Oktoba, mwisho Novemba. Desemba mbegu zikishaingia ardhini, hata mkarimu hana cha kukupa.