Kupika kwa mikroonde, mbabula ibaki nje



Huko Kolwezi, Likasi na Fungurume wako wafanyakazi wengi wanaopanga chumba kimoja, bibi na watoto wamebaki mbali. Mtu anatoka posti ya usiku, ana njaa, hana jiko. Anaingiza mbabula chumbani, anapika bukari yake, na kwa sababu baridi ya mwezi wa sita ni kali, anafunga mlango na dirisha na kulala. Makala yamekuwa mekundu, moshi hauonekani tena, anafikiri hakuna hatari. Kumbe makala yale mekundu yanatoa gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Wachimbaji wa chini ya ardhi wanaijua: ni moja ya gesi zinazobaki kisha kulipua baruti, ndiyo maana tunangoja hewa isafishwe mbele ya kurudi. Inashika damu kwa nguvu kupita oksijeni mara 200 hivi. Mtu aliye macho anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, anatapika. Mtu aliyelala haamki.

Basi, siku hizi wenzetu wengi wananunua mikroonde. Ni jambo zuri, lakini wengi wanaitumia kwa kupasha chakula tu, nayo inaweza kupika.

Kwanza tuondoe woga mmoja. Wengine wanasema mashini hii inaweka sumu katika chakula, sawa na uranium ya Shinkolobwe. Sivyo. Mawimbi yake yanatikisa maji yaliyo ndani ya chakula mpaka yapate moto. Mashini ikizimika mawimbi yamekwisha, kama vile mwanga unavyokwisha taa ikizimwa. Chakula hakibaki na kitu.

Dakika tunazotaja hapa ni za mashini ya wati 800. Yako ikiwa na nguvu ndogo, ao umeme ukiwa dhaifu kama unavyokuwa saa za jioni, ongeza dakika kidogo kidogo. Kwa matumizi usiogope: mashini inayovuta wati 1200 ikizunguka dakika 5 imekula sehemu moja ya kumi ya kilowati-saa.

Bukari ya mtu mmoja inataka kikombe kimoja cha unga wa mahindi na vikombe viwili vya maji. Chukua bakuli refu la kioo ao la udongo, maana uji unapanda na kumwagika. Koroga nusu ya unga katika maji baridi, weka dakika 3, toa, koroga sana, rudisha dakika 2. Uji ukiwa umechemka na kuwa mzito, ongeza unga uliobaki, songa kwa mwiko kwa nguvu, funika kwa sahani, dakika 2 tena. Haitakuwa sawa na ile ya mama nyumbani, lakini inaiva na inashibisha.

Mboga yake: lengalenga. Osha, kata, weka katika bakuli pamoja na kitunguu, bila kuongeza maji, kwani yale yaliyobaki juu ya majani yanatosha. Funika, dakika 4. Tia chumvi na vijiko viwili vya karanga zilizotwangwa na maji kidogo, koroga, dakika 2. Mwili umepata mboga na nguvu za karanga kwa feza ndogo.

Samaki wa tomson anafaa sana. Aishe barafu yote kwanza, umkate vipande, uweke nyanya, kitunguu, chumvi na kijiko cha mafuta, ufunike. Dakika 5, geuza vipande, dakika 2, acha atulie. Nyama yake ikiachana na mfupa, ameiva. Mayai pia: pasua mawili, yapige, yamwage juu ya nyanya na kitunguu vilivyokwisha kuiva dakika 3, weka dakika moja, koroga, rudisha mpaka yashikane. Lakini yai zima na ganda lake, hapana! Linapasuka kama baruti, pengine mkononi kisha kulitoa. Kiazi kitamu nacho ukitoboe kwa uma pande zote, na kimoja cha wastani kitaiva kwa dakika 6 hivi.

Vyakula viwili tunavyovipenda havikubali haraka hii. Sombe ina sumu ya sianidi. Lazima itwangwe na kuchemshwa muda mrefu, sufuria wazi. Maharagwe, zaidi yale mekundu, yana sumu yao: loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa nguvu nusu saa, kisha endelea mpaka yalainike. Pika hivyo siku ya mapumziko, nje, juu ya mbabula. Mikroonde ni ya kupasha tu.

Na kupasha kuna sheria yake. Wali uliokaa usiku kucha juu ya meza usiupashe, utupe, maana sumu inayoachwa na vijidudu vyake haifi kwa moto. Kama huna frigo, pika cha kula mara moja. Kama unayo, weka chakula ndani mbele ya saa mbili kupita, na ukikipasha, koroga katikati, mvuke utoke kila mahali. Wamama, maziwa ya mtoto msiyapashe humo: chupa inakuwa baridi nje, lakini ndani maziwa yanaunguza.

Gamela ya kazini, sahani ya emaye, kijiko, karatasi ya aluminiamu: chuma chote kinatoa cheche, kisiingie. Mashini isizungushwe tupu. Mlango ukiwa umepinda, usiitumie. Na ninyi mafundi wa umeme mnaopenda kutengeneza kila kitu nyumbani, msifungue kifuniko chake. Ndani mna kondensa inayobaki na umeme wa kuua hata kisha kuchomoa waya.

Umeme ukikatika, inavyotokea mara nyingi, uwe na chakula kisichotaka moto: mkate, karanga za kukaanga, avoka, ndizi mbivu. Ukikosa njia ila mbabula, iwashe nje, pikia nje, na ilale nje mpaka majivu yapoe kabisa. Dirisha nusu wazi halitoshi.

Ukimkuta mwenzako amelala na mbabula chumbani na haitiki, vuta pumzi nje kwanza, fungua mlango wote, mkokote mpaka kwenye hewa. Usirudi kutafuta vitu. Usimpe maziwa, hayaondoi gesi hii katika damu. Akiwa hapumui, mpulizie pumzi mdomoni kama ulivyofundishwa kazini, na mwingine akimbie kuita gari la hospitali. Waganga waambiwe mara moja kwamba ni gesi ya makala, wamtie oksijeni. Na wote waliolala katika chumba kile wapelekwe pamoja naye, hata yule anayesema anaumwa kichwa tu.